Kutoona Mbali na Hitilafu Nyingine za Uoni Mwanza: Kutoka Upimaji wa Macho hadi Uvaaji wa Miwani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza asili ya kutoona mbali na hitilafu nyingine za kawaida za uoni, kisha yanachunguza jinsi hitilafu hizo zinavyojitokeza katika shule na katika shughuli za uvuvi mkoani Mwanza. Msingi wa mjadala ni tafiti mbili zilizofanyika mkoani humo na kuchapishwa mwaka 2000 na 2002, pamoja na utafiti wa Dar es Salaam wa mwaka 2008 kuhusu ugawaji wa miwani. Makala yanajenga hoja kwamba ugumu mkubwa hauko katika tiba, kwa kuwa tiba inajulikana na ni nyepesi. Uko katika safari ya mwanafunzi tangu kugunduliwa kwa tatizo hadi kuivaa miwani darasani. Inapendekezwa kwamba upimaji shuleni ufanywe kwa hatua mbili, uanzie pale penye wenye tatizo wengi zaidi, na mafanikio yake yapimwe kwa idadi ya wanaovaa miwani badala ya idadi ya waliopimwa.

Maneno muhimu: kutoona mbali, macho ya uzeeni, miwani, upimaji shuleni, Mwanza

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii inachukulia kwamba kila mwenye macho huona kile aonacho mwenzake. Mtoto aliyezaliwa na macho mazima, kisha akaanza kupoteza uwezo wa kuona mbali taratibu akiwa na umri wa miaka kumi au kumi na miwili, hana kipimo cha kulinganisha jana na leo. Hudhani kwamba ubao huonekana kwa ukungu kwa kila aliyeketi nyuma. Hasikii maumivu, macho yake hayawi mekundu, na akipewa kitabu hukisoma bila shida. Mwalimu humwona akinakili kutoka kwa jirani yake na huweza kumhesabu kuwa mvivu. Mzazi humwona akichambua dagaa au kuchomeka uzi katika tundu la sindano, akaamini kuwa macho yake ni salama.

Kwa sababu hiyo, kutoona mbali ni tatizo linalohitaji kutafutwa. Mgonjwa wa malaria huja zahanati mwenyewe au huletwa. Mwanafunzi asiyeona ubao haji, kwa kuwa hajui kwamba yuko tofauti. Makala haya yanaanza kwa kueleza jinsi jicho linavyofanya kazi na linavyokosea, yanapitia ushahidi kutoka Mwanza, kisha yanajadili nani apimwe, nani apime, na kwa nini miwani iliyotolewa mara nyingi haivaliwi.

2.0 Jinsi jicho linavyoona na linavyokosea

2.1 Kutoona mbali

Mwanga uingiapo jichoni hupindwa mara mbili: kwanza na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kisha na lenzi iliyo nyuma ya mboni. Nguvu ya kupinda mwanga hupimwa kwa dayopta. Jicho la mtu mzima lina nguvu ya takriban dayopta 60, na karibu theluthi mbili ya nguvu hiyo hutoka katika konea. Kazi ya nguvu hizo ni kukutanisha miale juu ya retina, utando wa nyuma unaopokea taswira na kuipeleka kwenye ubongo. Umbali kutoka konea hadi retina katika jicho la kawaida la mtu mzima ni takriban milimita 24.

Katika kutoona mbali, ambako kitaalamu huitwa maiopia, mara nyingi jicho huwa limerefuka kupita kiasi. Miale kutoka kitu cha mbali hukutana kabla ya kuifikia retina, na taswira hufika ikiwa imetawanyika. Ongezeko la milimita moja tu la urefu wa jicho huleta kutoona mbali kwa takriban dayopta mbili na nusu hadi tatu. Ukubwa wa tatizo unaweza kueleweka kwa hesabu rahisi: gawanya mita moja kwa idadi ya dayopta, nawe utapata umbali ambao mhusika huona kwa ukamilifu bila miwani. Mwenye dayopta moja huona vizuri hadi mita 1. Mwenye dayopta mbili huishia sentimita 50. Mwenye dayopta nne huishia sentimita 25. Daftari lililo juu ya dawati limo ndani ya mipaka hiyo, ilhali ubao uko nje yake kabisa.

Uwezo wa kuona mbali hupimwa kwa chati aliyoibuni Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht, mwaka 1862. Kipimo cha 6/12 kina maana kwamba mpimwaji husoma akiwa mita 6 kile ambacho mwenye macho ya kawaida hukisoma akiwa mita 12. Mwenye 6/60, akiketi mita 6 kutoka ubaoni, huhitaji herufi yenye kimo cha takriban sentimita 9 ili aitambue. Ni walimu wachache waandikao kwa chaki herufi za ukubwa huo, na katika darasa lililojaa dawati la mwisho huwa mbali zaidi ya mita 6. Kwa mwanafunzi wa namna hii, somo la hisabati linaloandikwa ubaoni bila kusomwa kwa sauti halimfikii.

Marekebisho ni lenzi iliyobonyea katikati, ambayo hutawanya miale kidogo kabla haijaingia jichoni ili sehemu yake ya kukutania isogezwe nyuma hadi kwenye retina. Lenzi hiyo haiponyi urefu wa jicho. Huusahihisha kwa muda wote ambao imevaliwa.

2.2 Kutoona karibu, astigmatizimu na macho ya uzeeni

Kinyume cha hali iliyoelezwa ni jicho lililo fupi, ambalo miale yake ingekutana nyuma ya retina. Mtoto mwenye kutoona karibu kwa kiasi kidogo huweza kulifidia kosa hilo kwa kukaza misuli ya ndani ya jicho na kuifanya lenzi yake ibinuke zaidi. Kwa sababu hiyo husoma chati ya mita 6 bila kosa, lakini huchoka na kuumwa kichwa anaposoma kwa muda mrefu. Huu ni udhaifu wa kimsingi wa upimaji unaotegemea chati ya mbali pekee: hunasa kutoona mbali na kuacha sehemu kubwa ya kutoona karibu. Ndiyo sababu mtaalamu hutumia matone ya kulegeza misuli hiyo kabla ya kupima macho ya mtoto.

Astigmatizimu hutokea pale ambapo konea haikuviringana sawasawa pande zote. Nguvu ya kupinda mwanga hutofautiana kati ya wima na mlalo, na taswira hupotoka kwa mbali na kwa karibu. Hurekebishwa kwa lenzi yenye nguvu tofauti kulingana na mwelekeo, kwa hiyo haifai kuuziwa miwani iliyokwisha tengenezwa.

Macho ya uzeeni, au presibiopia, ni jambo tofauti. Lenzi ya ndani hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na kuanzia takriban miaka 40 hushindwa kubinuka vya kutosha kwa ajili ya vitu vya karibu. Hali hii humfikia kila mtu. Katika utafiti wa vijijini nchini Tanzania uliochapishwa mwaka 2006, Burke na wenzake walikuta takriban asilimia 62 ya watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi wakiwa nayo. Huko Zanzibar, Laviers na wenzake (2010) walikuta kwamba chini ya mtu mmoja kati ya watano waliohitaji miwani ya karibu ndiye aliyekuwa nayo.

Kwa muda mrefu miwani ya kusomea imehesabiwa kuwa haja ya wasomi. Mwambao wa Ziwa Victoria unaonyesha vinginevyo. Kushona wavu uliochanika, kufunga ndoana, kuchambua dagaa waliokwisha kauka na kuondoa takataka, kusoma mizani na kutambua tarakimu katika simu wakati wa kupokea malipo ni kazi za karibu. Mvuvi wa miaka 50 huona jahazi lililo mbali ziwani ilhali tundu la sindano ya wavu limempotea. Utafiti uliofanyika miongoni mwa wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi huko Assam, India, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba tija ya waliopewa miwani ya karibu ilizidi ya wasiopewa kwa takriban asilimia 22. Kazi ya kuchambua dagaa inashabihiana na kuchuma chai kwa kutegemea jicho na vidole, hivyo kuna sababu nzuri ya kufanya utafiti kama huo katika mialo ya Mwanza.

2.3 Maradhi yanayofanana na hitilafu hizi

Si kila ukungu hurekebishwa kwa miwani. Mtoto wa jicho ni kuchafuka kwa lenzi, na tiba yake ni upasuaji. Glaukoma, iitwayo pia presha ya macho, huharibu mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya kuanzia pembeni, na uoni uliopotea haurudi. Trakoma, inayotokana na bakteria, hukwaruza konea baada ya kope kupinduka ndani. Jicho vivu ni jicho ambalo ubongo ulilipuuza utotoni, mara nyingi kwa sababu ya kengeza au tofauti kubwa ya nguvu kati ya macho mawili. Likicheleweshwa, miwani pekee hailirejeshi.

Kipo kifaa duni kwa bei lakini chenye thamani katika kutofautisha makundi haya: kadi nyeusi yenye tundu la upana wa takriban milimita moja. Mpimwaji akitazama chati kupitia tundu hilo, miale ya pembeni huzuiwa na ukungu unaotokana na upindaji mbaya wa mwanga hupungua. Akisoma mistari zaidi, yamkini anahitaji miwani. Asipoona tofauti yoyote, huenda ana ugonjwa wa jicho na anapaswa kumfikia daktari bila kuchelewa.

3.0 Ushahidi kutoka Mwanza

Mkoa wa Mwanza una nafasi ya pekee katika fasihi ya kitaaluma kuhusu macho ya wanafunzi barani Afrika. Mwaka 2000 Wedner na wenzake walichapisha, katika jarida la British Journal of Ophthalmology, matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 1,386 wa shule za msingi katika eneo la vijijini mkoani humo. Wenye uoni ulio chini ya 6/12 kwa macho yote mawili hawakufikia asilimia 1. Trakoma hai ilikutwa kwa takriban asilimia 5.

Miaka miwili baadaye, katika jarida hilohilo, Wedner na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 2,511 wa shule za sekondari katika Jiji la Mwanza. Hapa picha ilibadilika. Wanafunzi 154, sawa na asilimia 6.1, walikuwa na hitilafu kubwa ya upindaji wa mwanga, na kutoona mbali kulikutwa kwa asilimia 5.6. Kati ya waliokuwa na hitilafu hizo, ni takriban asilimia 30 tu waliokuwa wakivaa miwani kabla ya utafiti. Kwa maneno mengine, saba kati ya kumi walikuwa wamefika sekondari bila msaada wowote.

Tofauti kati ya tafiti hizi mbili inashawishi kusema kwamba elimu na maisha ya mjini huleta kutoona mbali. Tafiti nyingi duniani zinaunga mkono uhusiano huo. Hata hivyo, pana tahadhari mbili. Kwanza, kutoona mbali kwa kawaida huongezeka katika umri wa ujana, kwa hiyo sehemu ya tofauti inaweza kuwa ya umri. Pili, wakati ule mwanafunzi aliingia sekondari ya serikali baada ya kuchaguliwa kutokana na mtihani wa darasa la saba, na nafasi zilikuwa chache. Utafiti wa sekondari uliwaona waliovuka mchujo huo. Mtoto aliyeshindwa mtihani kwa kuwa hakuwahi kuona ubao hangeweza kuhesabiwa miongoni mwao. Asilimia 6.1 ni idadi ya wasioona vizuri waliofaulu licha ya macho yao. Waliokwamishwa na macho hayo hawamo.

Aidha, idadi hiyo haiwezi kuhamishiwa katika shule za leo bila kupimwa upya. Tangu hapo shule za kata zimeenea, na kuanzia mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali imefutwa. Mchujo umelegea, na watoto wa makundi mengi zaidi wameingia sekondari.

4.0 Walimu kama wapimaji

Madaktari wa macho ni wachache na wengi wao wako katika hospitali kubwa kama Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Hawawezi kuzunguka kila shule. Katika utafiti wa mwaka 2000 walimu walifunzwa kupima kwa chati ya Snellen, na matokeo yao yakalinganishwa na ya wataalamu. Walimu waliwagundua asilimia 80 ya wenye tatizo, na waliwatambua kwa usahihi asilimia 91 ya wasio na tatizo. Kwa mtu asiye mtaalamu, hayo ni mafanikio ya kuridhisha.

Hata hivyo, usahihi huohuo hutoa matokeo tofauti kulingana na mahali unapotumiwa. Tuchukulie shule za msingi zenye wanafunzi 1,000, ambao 10 kati yao wana tatizo. Walimu watawapata 8. Kati ya 990 wasio na tatizo, asilimia 9, yaani wanafunzi 89, watahesabiwa kimakosa. Jumla ya watakaopewa rufaa ni 97, na ni mmoja tu kati ya kila kumi na wawili atakayekuwa na tatizo la kweli. Sasa tuchukulie wanafunzi 1,000 wa sekondari, 60 kati yao wakiwa na tatizo. Walimu watawapata 48 na kuwahesabu kimakosa 85. Jumla ni 133, na zaidi ya mmoja kati ya kila watatu ana tatizo. Usahihi wa mwalimu haukubadilika. Kilichobadilika ni wingi wa tatizo katika kundi linalopimwa.

Hesabu hii ina uzito wa pekee kwa mkoa wenye visiwa. Rufaa ya mtoto wa Ukerewe ina maana ya nauli ya meli kutoka Nansio, siku mbili za kazi alizozipoteza mzazi, na malazi mjini. Wazazi kumi na mmoja kati ya kumi na wawili wakirudi na jibu kwamba mtoto ni mzima, wa kumi na tatu hatakwenda, hata kama mwanawe ndiye mwenye shida.

Ufumbuzi hauhitaji mashine. Kila aliyeshindwa mara ya kwanza apimwe tena siku nyingine na mwalimu wa pili, mahali penye mwanga wa kutosha, mara ya kwanza bila kadi ya tundu na mara ya pili akiwa nayo. Wengi walioshindwa kwa haya, kwa kutoelewa maelekezo au kwa mwanga hafifu wa chumba watafaulu hapo. Waliobaki wasafiriwe na mtaalamu, aende kwao na seti ya lenzi za kupimia, badala ya wao kusafiri. Kwa kuwa tija ya upimaji ni kubwa zaidi sekondari, huko ndiko pa kuanzia panapokosekana fedha za kufika kote. Shule za msingi zisiachwe moja kwa moja, kwa sababu ya mchujo ulioelezwa katika sehemu ya tatu: darasa la tano au la sita ni mahali panapostahili kipimo kimoja kabla ya mtihani wa mwisho.

5.0 Kwa nini miwani haivaliwi

Mwanafunzi akishagunduliwa, kazi haijaisha. Katika utafiti uliofanyika katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008, kundi moja la wanafunzi wenye hitilafu lilipewa miwani bure na jingine likapewa cheti cha kununulia. Baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ya waliopewa bure walikuwa wakiitumia au wakiwa nayo shuleni, dhidi ya asilimia 26 ya waliopewa cheti. Kutoa miwani bure kuliongeza matumizi kwa kiasi kikubwa, na bado zaidi ya nusu hawakuwa nayo.

Bei, basi, ni sehemu tu ya maelezo. Tafiti za nchi mbalimbali hutaja kutaniwa na wenzao, fremu zisizowapendeza vijana, na dhana kwamba miwani huharibu macho. Dhana hii ya mwisho inastahili kujibiwa kwa hoja. Mtu aliyeizoea miwani, akiivua, huuona ukungu aliokuwa nao zamani kwa uchungu mpya, akadhani macho yamedhoofika. Ukweli ni kwamba sasa ana kipimo cha kulinganisha. Isitoshe, macho ya kijana huendelea kurefuka kwa miaka kadhaa, avae miwani asivae. Utafiti uliofanyika Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba watoto waliopewa miwani yenye nguvu pungufu kwa makusudi ndio waliozidi kutoona mbali kwa kasi zaidi kuliko waliopewa nguvu kamili.

Yale yanayopatikana kwa kuvaa nayo yanapimika. Katika shule za msingi za vijijini magharibi mwa China, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kutoa miwani bure kuliinua alama za hisabati. Mzazi anayesita kuhusu miwani huelewa haraka akiambiwa habari ya mtihani.

6.0 Mwanga wa nje kama kinga

Swali linalobaki ni iwapo kutoona mbali kunaweza kuzuiwa. Huko Guangzhou, China, shule zilizoongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo zilipata wagonjwa wapya asilimia 30.4 katika miaka mitatu, ikilinganishwa na asilimia 39.5 katika shule ambazo hazikubadili ratiba (He na wenzake, 2015). Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga mkali huchochea retina kutoa dopamini, nayo huzuia jicho lisirefuke kupita kiasi.

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Mwanga wa mchana hudumu takriban saa 12 mwaka mzima. Kinga ambayo miji ya Asia Mashariki inaitafuta kwa kubadili ratiba, mkoa huu unayo tayari. Hata hivyo, masomo ya ziada baada ya saa za kawaida, mitihani ya kila wiki na masomo ya usiku katika shule za bweni humweka mtoto ndani. Wakuu wa shule wanaopanga ratiba hizo kwa nia njema wanapaswa kujua kwamba saa ya michezo ina faida kwa macho pia.

7.0 Hitimisho

Mwanza si mahali penye kutoona mbali kwa wingi ukilinganisha na miji ya Asia. Udogo huo wa idadi ndio unaofanya tatizo lisahaulike, kwa kuwa katika darasa la wanafunzi 50 huenda ni watatu tu walioguswa, nao hawalalamiki. Ushahidi uliopitiwa unaonyesha kwamba walimu wanaweza kuwagundua, kwamba rufaa zisizochujwa huchosha wazazi, na kwamba miwani iliyotolewa bure bila ufuatiliaji huishia sandukuni kwa zaidi ya nusu ya waliopewa.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, upimaji shuleni ufanywe kwa hatua mbili, na mtaalamu awafuate wanafunzi walipo, hasa visiwani. Pili, kila mpango wa miwani utoe taarifa ya wangapi wanaivaa baada ya miezi mitatu, kwa kuwa idadi ya waliopimwa pekee haisemi lolote kuhusu nani anaona. Tatu, watafiti wapime upya shule za sekondari za mkoa baada ya upanuzi wa elimu, wawahusishe pia vijana walioishia darasa la saba, na wachunguze mchango wa miwani ya karibu katika kipato cha wavuvi na wachambuzi wa dagaa. Bila kundi hilo la walioachwa nje ya shule, tutaendelea kuwahesabu wale tu ambao macho yao hayakutosha kuwaangusha.